Botoksi Dar es Salaam: hatua kwa hatua kabla hujatoa hela yako

Msimu wa harusi ukikaribia maswali yanakuwa yale yale, dada nina send-off mwezi ujao, nataka huu mkunjo wa katikati ya nyusi upotee, nikachome wapi na bei gani. Karibu wote wanaanza na bei. Bei iweke pembeni kwanza, maana kuchomwa botoksi, yaani sindano ya kulegeza misuli inayokunja uso, ni kama dakika kumi tu unamaliza, ila mambo yote ya kukupendezesha au kukuharibu yanaamuliwa kabla sindano haijagusa uso: mkunjo wako ni wa aina gani, nani kashika sindano, na kwenye kichupa kuna nini. Twende taratibu.

Anza na kioo nyumbani, kliniki baadaye

Osha uso, toa mekapu yote, simama penye mwanga wa dirishani alafu tulia bila kufanya chochote. Jiangalie. Sasa kunja uso, fikiria konda kagoma kukurudishia chenji. Kisha nyanyua nyusi juu kabisa, kisha cheka mpaka macho yafinye.

Mistari inayotokea ukikunja na kupotea ukitulia, hiyo ndo botoksi inaiweza, kwa sababu inaletwa na misuli: ile ya kusimama katikati ya nyusi, ile ya kulala kwenye paji la uso, na ile inayotawanyika pembeni ya macho. Mistari ambayo ipo hata ukiwa umelala usingizi imeshachimba ngozi, hapo botoksi itapunguza lakini usitegemee ifutike yote kwa mara moja, na akikuahidi mtu kwamba itafutika basi anataka hela yako. Alafu kuna ile inayoshuka kutoka ubavu wa pua mpaka pembe ya mdomo, hiyo mara nyingi sio kazi ya msuli, shavu limepungua ujazo na kushuka, hapo watu wanazungumzia fila, sindano ya kujaza, ambayo ni kitu kingine kabisa na ina hatari zake, nitaifikia huko chini.

Sisi wenye ngozi nyeusi vimistari vidogo vidogo vya jua vinatuchelewa kwa sababu ya melanini, kwahiyo kuna dada wa miaka thelathini anakuja kutaka kuchoma uso mzima wakati ukimwangalia anachohitaji ni miwani ya jua na sanskrini. Sio utani, jua la saa saba mchana la Dar unafinya macho kutoka Posta mpaka Mwenge, hiyo misuli ya katikati ya nyusi inafanya mazoezi kutwa nzima. Ila huo mkunjo ukishakaa hauchagui rangi.

Ujue unachoingiziwa

Botox ni jina la bidhaa moja tu lililogeuka kuwa jina la zote, zipo pia Dysport, Xeomin na nyingine kadhaa za Korea. Kilichomo ni protini inayotengenezwa na bakteria anaitwa Clostridium botulinum, ndio huyo huyo anayeleta sumu kwenye vyakula vya kopo vilivyoharibika, ila hapa ni kiasi kidogo mno kilichosafishwa na kupimwa. Kazi yake iko hivi: mshipa wa fahamu ukitaka msuli ujikunje unamwaga kemikali inaitwa asetilikolini, hii protini inazuia isimwagwe, msuli unakosa amri, unalegea, na ngozi iliyo juu yake inatulia. Basi. Haijazi shavu, haiondoi madoa, haing'arishi. Akikwambia botoksi yake inaleta na weupe, beba mkoba wako.

Na sio kitu cha jana. Daktari wa macho Alan Scott kule San Francisco alikuwa anatafuta dawa ya makengeza, Marekani wakaipitisha 1989 kwa makengeza na kwa wale ambao kope zinajifinya zenyewe. Kule Vancouver, Kanada, daktari mwingine wa macho, Jean Carruthers, akaona wagonjwa wake wa kope mikunjo ya katikati ya nyusi inapotea, yeye na mumewe Alastair ambaye alikuwa daktari wa ngozi wakaifuatilia na kuchapisha 1992. Ruhusa ya Marekani kwa ajili ya urembo ikaja 2002.

Ninachotaka ushike hapo ni kwamba hii ni dawa. Hapa kwetu vipodozi viko kwa TBS, shirika la viwango, tangu 2019, dawa ziko kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwahiyo ukiuliza kuhusu sindano na mtu akakujibu kwa kujiamini "usijali imepita TBS", ameshakujibu swali kubwa kuliko ulilouliza.

Kuna watu hawatakiwi kuchomwa, angalia kama umo

Mjamzito na anayenyonyesha, subiri, mikunjo haikimbii. Mwenye ugonjwa wa misuli na mishipa ya fahamu kama miastenia gravisi, usithubutu. Mwenye jipu, chunusi zilizoiva au maambukizi pale pale pa kuchoma, pona kwanza. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe aseme mapema maana Dysport haimfai. Na hii wengi hawaijui: dawa za jamii ya gentamaisini zinaongeza nguvu ya botoksi, na huku kwetu mtu anachomwa gentamaisini ya UTI leo kesho yuko kliniki ya urembo hajasema kitu. Sema. Taja dawa zote, hata za miti shamba.

Aspirini, diklofenaki, brufeni, vidonge vya mafuta ya samaki na vitamini E vinafanya uvie damu kirahisi. Hizi za maumivu za kununua mwenyewe pumzika wiki moja kabla, lakini kama aspirini umeandikiwa na daktari wa moyo au wa presha usiache kwa ajili ya mkunjo, bora uvie.

Na mkorogo. Nisiwe mnafiki, najua tunajipaka. Krimu nyingi za mkorogo zina steroidi, na steroidi ikipakwa muda mrefu inaifanya ngozi iwe nyembamba, inachubuka, inavia, inashika maambukizi haraka. Ukiwa kwenye mkorogo mwambie dokta ukweli kabla hajakugusa, akisema tutulize ngozi kwanza miezi kadhaa usikasirike ukaenda kwa mwingine. Mwenye historia ya makovu ya keloidi naye aseme, sindano ni nyembamba sana na hatari ni ndogo ila ni haki ya anayekuchoma kujua.

Nani anakuchoma

Hapa ndo nitakaa kidogo.

Unayemtaka ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na ikiwezekana awe bingwa wa ngozi au wa upasuaji rekebishi. Mabingwa wa ngozi wapo Dar, Muhimbili wapo na kwenye hospitali binafsi wapo, wengi wamepita hospitali ya KCMC Moshi kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992. Hata kama bingwa mwenyewe hachomi botoksi, kumwona mara moja kwa ushauri ni hela ndogo ukilinganisha na kurekebisha uso ulioharibika, na yeye atakuelekeza kwa anayefanya.

Usiyemtaka: dada wa saluni aliyefanya kozi ya siku mbili nje ya nchi ana cheti chenye fremu ya dhahabu, mtu anayekuja nyumbani na mkoba, mtu ambaye kliniki yake ni chumba cha hoteli na kesho karudi alikotoka. Huyo wa mwisho ndo ananitisha zaidi kwa sababu botoksi inafika kileleni baada ya wiki mbili, jicho likishuka siku ya sita utamtafuta wapi, namba haipatikani. Masaki na Oysterbay kwenyewe kuna kuta nzuri na mapokezi ya kioo ambayo nyuma yake hakuna daktari, kwahiyo usipime kwa marumaru.

Piga simu au nenda uulize, bila aibu, kwa adabu tu: Dokta anayechoma anaitwa nani na usajili wake ukoje? Kituo kimesajiliwa kama kituo cha afya au ni leseni ya saluni? Mnatumia bidhaa gani? Nikipata shida usiku nampigia nani? Mtu wa kweli anajibu haya bila kukwaruzika, wengine wanafurahi hata. Ukijibiwa "dada unaogopa nini, tumeshachoma mastaa wote mjini", umepata jibu.

Kuhusu botoksi za kwenye kitchen party, ambapo mtaalamu anaitwa na mashosti wanachomwa kwa zamu sebuleni, mimi nakataa moja kwa moja. Marekani mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 watu 22 kwenye majimbo 11 walipata madhara baada ya kuchomwa bidhaa feki au na watu wasio na leseni au majumbani na kwenye spa, 11 kati yao wakalazwa. Na hao ndo wenye mifumo mizito kuliko yetu.

Omba uonyeshwe chupa

Chupa ifunguliwe mbele yako. Soma jina, tarehe ya mwisho, namba ya toleo, alafu piga picha boksi na chupa. Inakuja ikiwa unga mkavu, kidogo sana mpaka unaweza kudhani chupa ni tupu, na inayeyushwa na maji ya chumvi, ile selaini ya asilimia 0.9. Chupa ya Botox halisi ina ombwe ndani, sindano ya selaini ikitoboa kifuniko maji yanavutwa yenyewe kuingia, yasipovutwa chupa hiyo inatakiwa kutupwa. Ikishachanganywa inakuwa safi kama maji, ya kuona upande wa pili, haina ukungu wala vipande.

Botox inakaa kwenye friji nyuzi joto 2 hadi 8, na ikishachanganywa maelekezo yake yanasema itumike ndani ya saa 24. Sasa fikiria umeme wetu. Uliza wana jenereta au sola, friji ya dawa ina kipimajoto au ni ile ile yenye soda na maziwa ya mtindi? Ukiletewa sindano ambayo tayari imeshavutwa maji kutoka chumba kingine, hujui nini kimo, hujui ilichanganywa lini, sema hapana asante.

Alafu hesabu, hii fanya hata kama hesabu huzipendi. Maelekezo ya Botox kwa mkunjo wa katikati ya nyusi ni yuniti 20, zinagawanywa sehemu tano, nne nne. Paji la uso yuniti 20. Pembeni ya macho yuniti 24, kumi na mbili kila upande. Jumla ukifanya yote ni 64. Chupa kubwa ya urembo ina yuniti 100. Kwahiyo mtu akikwambia chupa moja anawafanyia wanne uso mzima ujue ama amezimua sana ama kila mmoja anapata chini ya nusu ya kazi, na ndo hizo botoksi za bei chee zinazoisha wiki ya tano. Wapo wanaohitaji kidogo kuliko hapo, dokta mzuri anaweza kupunguza kwa mtu mwenye misuli midogo au asiyetaka uso ugande, ila akueleze kwa namba, usikubali "nitakuwekea ya kutosha".

Na yuniti hizi usizichukulie kama za Luku, kwamba popote unaponunua ni ile ile. Dysport kwa mkunjo huo huo wa katikati ya nyusi ni yuniti 50, haina maana umepewa nyingi kuliko mwenzio wa Botox aliyepewa 20, vipimo vyao tofauti na havibadilishani. Kwahiyo ukilinganisha bei za kliniki mbili uliza kwanza ni bidhaa gani, ni kwa yuniti au kwa eneo, na je kurudi kuangaliwa baada ya wiki mbili kumo ndani ya hiyo bei.

Kupanga tarehe

Dalili za kulegea zinaanza siku tatu hadi saba, kilele ni kama wiki mbili, inadumu miezi mitatu hadi minne. Sasa piga mahesabu ya kurudi nyuma kutoka shughuli yenu. Mimi ningechoma wiki nne kabla ya send-off, kwa sababu ukivia damu kuna wiki ya kupona, ukiwa upande mmoja umezidi kuna nafasi ya kurekebishwa wiki ya pili, na bado unabaki na siku za kuuzoea uso wako. Kuchoma Jumatano harusi Jumamosi ni kutafuta kupigwa picha una alama za sindano na mkunjo upo pale pale.

Kama hujawahi kabisa basi usianze kwa ajili ya shughuli, anza miezi kadhaa kabla uone mwili wako unapokeaje.

Siku yenyewe

Kama unasuka, suka siku chache kabla, ili baada ya sindano usivutwe nywele za mbele. Nenda na uso msafi. Kula. Utapigwa picha za kabla, utasaini fomu ya ridhaa, isome jamani, alafu dokta atakwambia kunja, nyanyua, cheka, na ataweka alama. Anafuta na spiriti, inakauka, anachoma. Inauma kama kufinywa, sio zaidi, barafu inasaidia. Vitatokea vijivimbe kama umeumwa na mbu, vinapotea kwa muda mfupi.

Ukitoka hapo, masaa manne usilale wala kuinamisha kichwa muda mrefu, na usisugue sehemu iliyochomwa. Kwa wanaoswali, kupeleka paji la uso kwenye mswala ndani ya masaa hayo sio vizuri, kwahiyo chukua nafasi ya asubuhi mapema ili mpaka adhuhuri uwe umeshapita muda. Bodaboda acha siku hiyo, helmeti inakandamiza pale pale ulipochomwa na bila helmeti ndo usipande kabisa, chukua bajaji. Kilemba cha kukaza, wigi lenye bendi ngumu, vyote pumzisha. Siku hiyo usiende jimu, usikae chini ya draya, usijifukize, na mwambie dada wa saluni fesho na masaji ya uso mpaka baada ya wiki mbili.

Kipi cha kawaida, kipi cha kukimbilia hospitali

Kichwa kuuma siku moja mbili, kuvia kidogo, uzito wa paji la uso kama umevaa kofia, hayo yapo, panado inatosha. Kwenye ngozi yetu panapovia pakiacha weusi usipapake vitu vikali, weka sanskrini na subiri.

Kope kushuka jicho moja inatokea, mara nyingi wiki ya kwanza au ya pili, inatisha ukijiona ila inarudi yenyewe ndani ya wiki kadhaa dawa ikipungua nguvu. Hakuna sindano ya kuifuta botoksi. Rudi kwa dokta, kuna matone ya macho ya apraklonidini yanayoweza kunyanyua kope kidogo wakati unasubiri. Usikubali kuchomwa tena juu yake na mtu mwingine anayesema "nitasawazisha".

Hizi sio za kusubiri asubuhi: kumeza kunakuwa kugumu, sauti inabadilika, unaona viwili viwili, mwili unalegea, pumzi inakuwa nzito. Inaweza kuanza masaa baada ya kuchomwa au hata wiki baadaye. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa, sio kwa aliyekuchoma, na useme wazi umechomwa botoksi lini na ipi, ndo maana nikasema piga picha chupa. Kuficha kwa aibu ya kuulizwa "ulikuwa unatafuta nini" ndo kunawaponza watu.

Fila kwa kifupi

Fila inajaza. Iliyo salama zaidi ni ya asidi ya haialuroni kwa sababu ikikaa vibaya kuna dawa ya kuiyeyusha, haialuronidesi, na inadumu kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu kutegemea aina na sehemu. Hatari yake ni kuingia kwenye mshipa wa damu: ngozi inageuka rangi au inafanya michoro kama wavu, maumivu makali, kama ni karibu na pua au katikati ya nyusi mtu anaweza kupoteza kuona. Hapo ni dharura ya dakika na masaa. Kwahiyo swali langu moja tu kwa anayechoma fila: haialuronidesi iko humu chumbani sasa hivi? Aonyeshe. Hana, hachomi. Silikoni ya maji usoni usikubali hata bure, na ile kalamu ya kusukuma fila bila sindano inayouzwa mtandaoni mamlaka ya Marekani ilishaonya watu 2021 waachane nayo.

Hela ya mwaka mzima

Bima usiitegemee, hii ni urembo. Ukitaka kuendelea ni mara tatu hivi kwa mwaka, na usirudie kabla ya miezi mitatu kwa tamaa, maana kuchoma mara kwa mara kunaweza kuufundisha mwili kutengeneza kinga na dawa ikaacha kufanya kazi. Ukiona bajeti inabana, acha tu, uso unarudi ulivyokuwa, hauzeeki kwa kisasi kama wanavyosema vijiweni. Kama hela ni ya kitu kimoja basi nunua sanskrini ya SPF 30 kwenda juu na miwani, uulize bingwa wa ngozi kuhusu krimu ya tretinoini usiku, hiyo sio ya mjamzito.

Ukiendelea, tengeneza kadi yako au noti kwenye simu: tarehe, jina la bidhaa, namba ya toleo, yuniti ngapi kila sehemu, na siku uliyoanza kuona msuli umerudi. Dokta akihama au ukihama, anayefuata anaanzia hapo badala ya kukisia.